Mnyoo kaspesi chache, binadamu kaspesi nyingi: ule mchoro wa ngazi una kasoro gani?

Swali la msomaji: "Shikamoo dokta. Mi nafundisha baiolojia kidato cha tano na sita. Kwenye notisi zinazozunguka kuna mchoro wa ngazi, chini kabisa mnyoo, juu yake nzi, kileleni binadamu, na maelezo ni kwamba protini za kuua seli zilianza chache zikawa zinaongezeka kadiri mnyama anavyokuwa mgumu kimaumbile. Ni kweli? Na kuna kijana akaniuliza, kama mageuko yanapendelea anayeishi, inakuwaje mnyama anabeba protini za kujiua, hapo sikuwa na jibu. Mwisho, hivi kuna dawa yoyote iliyotokana na haya mambo ya minyoo au ni elimu ya kufaulia mtihani tu?"

Marahaba mwalimu. Nianze na jibu lenyewe afu ndo tushuke taratibu: huo mchoro futa. Namba zake hazina shida kubwa, shida ni mshale unaopanda juu. Mnyoo ana protini chache za kuua seli sio kwa sababu yeye ni wa zamani, ni kwa sababu mababu zake walikuwa nazo nyingi wakazipoteza njiani. Kuna anemoni wa baharini, mnyama asiye na ubongo, asiye na damu, chakula kinaingilia na mabaki yanatokea tundu lilelile, na huyo seti yake ya protini za kifo inafanana na ya kwako kuliko seti ya nzi inavyofanana na ya kwako. Ngazi haiwezi kueleza hilo hata uichore upya mara ngapi.

Kwa wanaosoma ambao sio watu wa baiolojia, kwa kifupi kabisa. Seli ya mnyama inaweza kufa kwa kuumia, mfano umeungua na mafuta ya moto, hapo inapasuka ovyo, lakini inaweza pia kufa kwa mpangilio, inajikunja, inajikatakata ndani kwa ndani, inakuwa vipande vidogo vyenye utando na majirani wanavila bila fujo. Njia ya pili ndo inaitwa apoptosisi, na ina wahusika wa aina tatu nitakaowataja sana. Kuna kaspesi, hizi ni enzaimu zinazokata protini nyingine na zina uchaguzi, zinakata pale penye asidi amino ya aspateti tu, na ziko ndani ya seli zako hata muda huu ila zimelala. Zikiamshwa zinakata mamia ya protini, mojawapo ikiwa ni ile inayofunga enzaimu ya kukata DNA, ndo maana DNA ya seli inayokufa hivi ukiipitisha kwenye jeli maabara inatoka na mistari iliyopangana, kila kipande kikiwa na jozi 180 hivi za herufi za DNA au mara mbili yake au mara tatu. Kuna Apaf-1, hii inaungana na wenzake kutengeneza gurudumu ambalo kaspesi inapanda juu yake ndo inaamka. Halafu kuna ukoo wa Bcl-2, ukoo wenye ugomvi ndani yake, wengine wanalinda mitokondria, vile vinu vya nishati vya seli, wengine yani Bax na Bak wanaitoboa, na kuna wadogo wanaobeba kipande kinachoitwa BH3, hawa ndo wajumbe wanaoleta taarifa kwamba mambo yameharibika.

Sasa turudi kwa mnyoo maana ndiye aliyetupoteza, maskini, bila kosa lake.

Anaitwa Caenorhabditis elegans, ana urefu wa milimita 1, na mwili wake unapitisha mwanga, yani ukimweka chini ya darubini unaona mpaka seli mojamoja ndani ya mwili wake akiwa hai. John Sulston pale Cambridge, miaka ya 1970, alikuwa anakaa anaangalia seli zikigawanyika na kuandika nani kamzaa nani, kuanzia yai mpaka mnyoo mzima. Katika kuangalia huko unaona kitu cha ajabu, seli imezaliwa sasa hivi tu, afu inabadilika, inakuwa kidoti cha duara kinachong'aa kimejitenga na wenzake, ukisubiri kama saa moja hivi hakipo, jirani kakimeza. Na sio bahati mbaya, ukichukua mnyoo mwingine ni seli ileile, nafasi ileile, karibu muda uleule. Hesabu ya mwisho ni kwamba kwa yule mnyoo mwenye jinsia mbili zinazaliwa seli za mwili 1,090, zinakufa 131, zinabaki 959.

Robert Horvitz na wanafunzi wake kule MIT wakatafuta minyoo ambayo zile 131 hazifi, na mwaka 1986 wakatangaza jeni mbili, ced-3 na ced-4, ukiharibu mojawapo seli zote zile zinabaki hai. Kitu ambacho huwa hakisemwi darasani ni kwamba mnyoo huyo mwenye seli 131 za ziada anaishi, anatembea, anataga, maabara huwezi kusema anaumwa. Shika hilo maana litakusaidia kwa swali la yule kijana. Baadaye ikaongezeka ced-9 ambayo inazuia kifo, na egl-1 inayomzuia mzuiaji. Kwaiyo mstari wa mnyoo ni mfupi na msafi: EGL-1 anamtoa CED-9, CED-4 anaachiwa, CED-4 anaamsha CED-3, seli inakufa (herufi kubwa ni protini ya jeni husika: CED-9 ndo Bcl-2 ya mnyoo, CED-4 ndo Apaf-1 yake, CED-3 ndo kaspesi, EGL-1 ndo mjumbe wa BH3). Ukitaka mtihani rahisi wa kutunga ndo huo.

Mwaka 1992 David Vaux na wenzake wakachukua Bcl-2 ya binadamu, jeni ambayo ilikuwa imegunduliwa kwenye saratani ya tezi za limfu, wakaipandikiza kwa mnyoo, na baadhi ya seli zilizotakiwa kufa hazikufa. Fikiria vizuri hiyo, protini ya mtu inaelewana na mashine ya mnyoo, na hao wawili wameachana zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Mwaka uliofuata ikaonekana CED-3 inafanana na enzaimu ya binadamu ambayo ilikuwa inajulikana kwa kazi ya uvimbe na homa, sio kifo, hiyo leo tunaiita kaspesi-1. Nobel ya mwaka 2002 ikaenda kwa Sydney Brenner, aliyeanzisha utafiti wa mnyoo huyu, pamoja na Horvitz na Sulston, na walistahili.

Ila angalia mtiririko. Jeni za kifo zilifafanuliwa kwanza kwa mnyoo, akafuata nzi na binadamu. Mnyoo ana jeni za kaspesi 4, na inayofanya kazi kubwa ya kuua ni hiyo moja ya ced-3, nzi wa matunda ana 7, binadamu ana kama 12. Watu wakazipanga hizo namba kutoka ndogo kwenda kubwa wakaona historia hiyo imejitokeza yenyewe. Yani mpangilio wa sisi kugundua tukaugeuza kuwa mpangilio wa mageuko. Mi naona huu ni mtego ambao hata leo uko kwenye vitabu vingi tu, sio kwenye notisi za mtaani peke yake.

Mambo yaligeuka kati ya 2006 na 2010 hivi, jenomu, yani seti nzima ya DNA, za wanyama wasio na umaarufu zilipoanza kusomwa. Wa kwanza ni yule mnyama wa miiba wa baharini (sea urchin), yule ukimkanyaga kwenye miamba maji yakiwa yametoka unalala na maumivu, jenomu yake ilitoka 2006. Ikakutwa ana kaspesi nyingi isivyo kawaida, kundi zima lingine halifanani na kaspesi yoyote ya wanyama wenye uti wa mgongo. Ana Apaf-1 ya kawaida na juu yake ana nyingine angalau mbili za mtindo wake mwenyewe. Ukoo wake wa Bcl-2 unakaribia wetu kwa ukubwa, umempita nzi na mnyoo mbali sana. Na ana vipokezi vya kifo, hizi ni protini zinazokaa juu ya seli zikisubiri amri kutoka nje, ambazo kabla ya hapo zilidhaniwa ni mali ya wanyama wenye uti wa mgongo peke yake.

2007 akafuata anemoni, Nematostella vectensis, anayeishi kwenye matope ya vinamasi vya maji ya chumvi. Huyu ni wa tawi ambalo lilijitenga kabla hata mnyoo, nzi na sisi hatujaachana. Ana kaspesi, ana Apaf-1, ana Bcl-2, ana vipokezi vya kifo. Ndugu yake haidra, wa maji baridi, yule mnachora darasani akichipua mtoto ubavuni, naye ukoo wake wa Bcl-2 ni mkubwa, una walinzi na una watoboaji. Ukienda mbali zaidi, Trichoplax, mnyama ambaye ni kama tabaka mbili tatu za seli tu zinazotambaa, naye ana Bcl-2 na Apaf-1, na Bcl-2 zimekutwa hadi kwenye sifongo.

Kwaiyo hesabu inakuwa hivi: kitu kikiwepo kwa anemoni na kikiwepo kwa binadamu, na kinafanana kwa undani mpaka vipande vyake, maelezo mepesi ni kwamba babu yao wa pamoja alikuwa nacho. Na kama babu wa anemoni na binadamu alikuwa nacho, huyo ni babu wa mnyoo na nzi pia, basi mnyoo na nzi wamekipoteza. Hakuna njia nyingine isipokuwa useme kilitokea mara mbili kwa kufanana kabisa, na hiyo kwa mtandao wa protini nyingi hivi ni ngumu kumeza.

Ushahidi ninaoupenda kuliko wote ni wa matumbawe, wa mwaka 2014. Watafiti walichukua tumbawe aina ya Acropora digitifera, wakakuta jenomu yake imejaa vipokezi vya ukoo wa TNF, makumi. TNF ni protini ambayo seli zako za kinga zinaitoa, na moja ya kazi zake ni kuamuru seli nyingine ife. Wakafanya kitu cha kitoto kabisa, wakachukua TNF ya binadamu wakaimwagia seli za tumbawe, zikafa kwa apoptosisi. Wakageuza, wakachukua TNF ya tumbawe wakawapa seli za kinga za binadamu, zikafa pia! Miaka milioni 550 hivi ya kuachana na bado amri ya huyu inatiiwa na yule. Nzi ana mabaki ya mfumo huu, ana vipokezi vyake vya TNF, ila havina ile sehemu ya ndani inayobeba amri ya kifo. Mnyoo yeye mfumo wa vipokezi vya kifo hana.

Na hii sio stori ya maabara tu kwa sisi wa pwani. Bahari ikipata joto kama ilivyokuwa 1998 ambapo matumbawe ya magharibi mwa Bahari ya Hindi yaligeuka meupe kwa wingi, sehemu ya yanayotokea ndani ya tumbawe ni hizihizi kaspesi kuamka. Kwenye majaribio ya joto, tumbawe zinazopona ni zile zilizoweza kuzizima mapema, na ukiweka dawa ya kuzuia kaspesi madhara yanapungua.

Sasa kuna jambo moja ambalo ni zuri kwa darasa maana linaonyesha kwamba vipuri vikiwa vilevile haina maana mashine inaendeshwa vilevile. Kwa binadamu, seli ikiharibika Bax na Bak wanatoboa mitokondria, inavuja sitokromu c, protini ambayo kazi yake ya kila siku ni kubeba elektroni kwenye upumuaji wa seli, ikifika nje inamshika Apaf-1, Apaf-1 saba wanaungana gurudumu la miguu saba, kaspesi-9 inapanda, imeisha hiyo. Hilo gurudumu lilianza kueleweka 1996 na 1997 kwenye maabara ya Xiaodong Wang. Kwa nzi gurudumu lipo ila lina nafasi nane, na sitokromu c haihitajiki kuliunda. Kwa mnyoo nane vilevile, na hapo sitokromu c haihusiki kabisa. Ukiangalia minyoo bapa wanaoota upya wakikatwa, planaria, sitokromu c inatoka kwenye mitokondria seli ikifa kama kwetu, kwaiyo hata hili la mitokondria kuvuja linaonekana ni la kale, na nzi na mnyoo ndo wakaliacha.

Nzi ameenda njia yake ya pekee kabisa. Yeye seli zake zinaishi kama gari lililokanyagwa mafuta muda wote na handbreki imevutwa. Kaspesi zake ziko tayari tayari, kinachozuia ni protini moja inaitwa DIAP1 inayozikamata. Ukiiondoa DIAP1 seli zinakufa kwa wingi bila hata kuambiwa. Jeni tatu zinazokaa pamoja, reaper, hid na grim, kazi yake ni kuachia hiyo breki, na kiinitete cha nzi kilichokosa kipande cha kromosomu chenye hizo tatu hakina apoptosisi. Sisi tuna ndugu wa DIAP1 anaitwa XIAP na tuna wa kumwachia pia, lakini panya wa maabara ukimtoa XIAP anaishi na kuzaa kama kawaida. Uzito wa kazi umehama. Kwa nzi uamuzi uko kwenye breki, kwetu uko kwenye ngozi ya mitokondria, kwenye ugomvi wa ukoo wa Bcl-2. Mwanafunzi akijifunza kwa nzi peke yake atakwambia Bcl-2 sio kitu, na nzi anazo mbili ambazo kazi yake kwenye kifo ni ndogo tu. Akijifunza kwa panya atakwambia kinyume, na wote watakuwa sahihi kwa mnyama wao.

Kabla ya wanyama je? Hapa watu huchanganya sana so nitakuwa mkali kidogo. Mwaka 2000 zilitangazwa metakaspesi, ndugu wa mbali wa kaspesi, zipo kwa mimea, fangasi na vimelea wa seli moja. Utasikia mtu anasema "mimea nayo ina kaspesi". Haina. Metakaspesi umbo la msingi linafanana lakini zinakata baada ya arijinini au laisini, sio aspateti, na kazi zake nyingine hazihusiani na kifo. Wanyama hatuna metakaspesi, lakini kimelea wa malaria anazo, wa malale anazo, wa leishmania anazo, ndo maana watu wanaziangalia kama sehemu ya kupigia dawa, maana ukilenga kitu ambacho mgonjwa hana unapunguza hatari ya kumuumiza mwenyewe. Halafu kuna gasidemini, protini zinazotoboa utando wa nje wa seli mpaka inapasuka, kifo cha fujo cha makusudi, kazi hiyo ilieleweka 2015 kwa binadamu na panya. Tumbawe anazo, na 2022 ikaonyeshwa kwamba bakteria nao wanazo, wanazitumia kujiua wakivamiwa na virusi. Bakteria! Kwaiyo baadhi ya hivi vitu ni vya kale kuliko mnyama yeyote.

Na hapo ndo jibu la kijana wako linapoanzia. Swali lake ni zuri ila limechanganya seli na mnyama. Anayepimwa na mageuko ni jeni zinazopita kwenda kizazi kijacho, na seli ya ini lako au ya kidole chako haiendi kizazi kijacho hata ikiishi miaka mia. Nakala ya jeni zake iko kwenye mayai au mbegu zako. Seli hiyo ikijiua ikiwa imeshaingiwa na virusi, imeokoa jirani zake wenye jeni zilezile. Bakteria naye hivyohivyo, amezungukwa na ndugu zake pacha, akijilipua kabla virusi havijazaliana ndani yake ndugu wanapona. Pili, protini nyingi za hizi zina ajira nyingine, sitokromu c umeshaiona, na kwa nzi dume kaspesi zinahitajika kutenganisha mbegu bila kuziua. Huwezi kuzitupa hata kama kifo chenyewe hakina faida siku hiyo. Yule mnyoo mwenye seli 131 za ziada anatuambia kitu pia, kwamba kwa mnyama mdogo anayeishi wiki chache gharama ya kukosa kifo cha seli sio kubwa sana, basi haishangazi kwamba mtandao wake umepungua mpaka ukabaki mstari mmoja.

Kwa wanyama wanaoishi muda mrefu wenye adui wengi ni stori nyingine, na adui mkubwa hapa ni virusi. Virusi vinahitaji seli ikae hai mpaka vimalize kuzaliana, kwaiyo vinaiba jeni za kuzuia kifo. Ule ukoo wa breki, IAP, uligunduliwa kwanza kwenye virusi vya wadudu mwaka 1993, kabla haujajulikana kwa wanyama wenyewe. Homa ya nguruwe ya Afrika, ambayo ilielezwa mara ya kwanza Kenya mwaka 1921 na ambayo mfugaji yeyote wa nguruwe huku anaijua kwa hofu, virusi vyake vinazunguka kati ya ngiri na papasi, na ndani yake kuna protini inaitwa A179L ambayo ni Bcl-2 kabisa, ina lile bonde la kupokea BH3, inawakamata wajumbe wa kifo kabla hawajafika. Uvimbe wa taya za watoto ambao daktari Denis Burkitt aliuelezea Kampala mwaka 1958, sampuli zake ndo zilipelekwa London na 1964 vikaonekana virusi vya Epstein-Barr, navyo vinabeba Bcl-2 yao inaitwa BHRF1. Mnyama akibadilisha protini yake kukwepa, virusi vinafuata, na hii mbio ni sababu mojawapo ya hizi koo kubadilika haraka na kutofautiana hata kwa wanyama wa karibu.

Na upotevu haujaisha. Mbwa na paka hawana MLKL, protini inayotekeleza aina nyingine ya kifo, nekroptosisi, ambayo sisi na panya tunayo. Haina maana mbwa yuko chini yako kwenye ngazi. Binadamu wenyewe tuko katikati ya upotevu mmoja, kaspesi-12. Watu wengi sana duniani wana nakala iliyokatika katikati, haifanyi kazi, wakati nakala nzima imebaki kwa sehemu ya watu wenye asili ya Afrika, na utafiti wa 2004 ulionyesha wenye nakala nzima kinga yao inajibu sumu za bakteria kwa unyonge zaidi na wako kwenye hatari kubwa zaidi ya maambukizi kuenea kwenye damu. Yani hapa kupoteza ndo kumefaa. Mwanafunzi akiona hilo kwa spishi yake mwenyewe anaelewa kuliko umwambie habari za anemoni.

Upande wa kuongezeka, mfano mtamu ni tembo wetu. Mnyama mkubwa ana seli nyingi, seli nyingi ni nafasi nyingi za saratani, lakini tembo hafi kwa saratani kama hesabu inavyotaka. 2015 ikatoka kwamba tembo wa Afrika ana nakala kama 20 za jeni ya p53, mlinzi anayeamua seli yenye DNA iliyoharibika itengenezwe au ife, binadamu kwenye jenomu yetu tunayo moja. Seli za damu za tembo zikipigwa mionzi zinajiua kwa kiwango cha juu kuliko za mtu. 2018 ikaongezeka LIF6, hii ilikuwa nakala ya jeni iliyokufa, haina kazi, kwa mababu wa tembo ikapata swichi inayowashwa na p53 ikafufuka, protini yake inaenda mitokondria inasababisha ivuje. Angalia inavyofanya kazi, tembo hakuvumbua njia mpya ya kuua seli, ameongeza usikivu wa njia ambayo anemoni naye anayo kwa misingi. Ila usiwaambie wanafunzi tembo hapati saratani, anapata, na mengi ya haya yamepimwa kwenye seli zilizokuzwa kwenye sahani za maabara.

Mchoro wa kuweka ubaoni sasa. Chora mti, chini shina moja nene, andika juu ya shina kaspesi, Apaf-1, Bcl-2 za pande zote mbili, vipokezi vya kifo. Kisha matawi: anemoni na tumbawe wamebaki navyo na kuongeza vipokezi, yule wa miiba kaongeza kaspesi, nzi kapoteza vipokezi vya kifo na kahamishia kazi kwenye breki, mnyoo kapoteza karibu vyote akabaki na mmoja mmoja, wenye uti wa mgongo wamebaki na vingi na kuongeza Bcl-2. Metakaspesi ziweke nje ya mti huo, pembeni.

La mwisho, dawa. Ipo, inaitwa venetoclax, iliidhinishwa Marekani 2016 kwa aina ya saratani ya damu ambayo seli zake zinang'ang'ania kuishi kwa kujaza Bcl-2. Kidonge hicho kinaingia kwenye bonde lilelile la Bcl-2 ambalo mjumbe wa BH3 anaingia, yani kinafanya kwa mgonjwa kile ambacho EGL-1 anamfanyia CED-9 kwa mnyoo. Dawa iliyotangulia kabla yake ilikuwa inaziba Bcl-2 na ndugu yake Bcl-xL pamoja, na bahati mbaya chembe sahani za damu zinaishi kwa kumtegemea huyo Bcl-xL, zikawa zinapungua, ndo wakatafuta inayochagua Bcl-2 peke yake. Na inaua kwa kasi kiasi kwamba mgonjwa hapewi dozi kamili siku ya kwanza, anaanza miligramu 20 kwa siku na kupandishwa kila wiki hadi 400 ndani ya wiki 5, maana seli za saratani zikifa zote kwa mkupuo potasiamu na asidi ya yuriki vinamwagika kwenye damu na figo hazihimili.